Mama hawezi kumeza tembe, nimsagie?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mamangu ana presha na sukari. Ile tembe ya presha, nifedipini ya kumeza mara moja kwa siku, inamkwama kooni so huwa naitwanga namtilia kwa uji. Sasa akishakunywa tu anashikwa na kizunguzungu na moyo wamwenda mbio. Na sindano za insulini zimemchosha, mbona hawatengenezi tembe? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waleikum salaam dadangu. Kwanza hicho kinu kiweke kando leo leo. Tembe hiyo imeundwa iachie dawa pole pole masaa 24, ukiitwanga dozi ya siku nzima inaingia mwilini kwa mara moja, mishipa inapanuka, presha inaporomoka na moyo unaanza kukimbia kufidia, halafu kabla siku kuisha dawa ishakwisha na presha yapanda tena. Kwa mtu mzima hiyo inaweza kuleta stroku, si mchezo.

Lakini usimkatizie dawa! Mpeleke kliniki kesho apimwe, na akizimia au kifua kikimuuma ni hospitali moja kwa moja. Daktari anaweza kumbadilishia, kwa mfano amlodipini, hiyo yenyewe hukaa mwilini muda mrefu bila ufundi wowote kwa tembe kwa hivyo ya kawaida hata ikisagwa haina neno. Na waambie wamwangalie koo pia, kushindwa kumeza kwenyewe ni ugonjwa wa kutafutwa chanzo.

Ukiona kwa pakiti XL, XR, SR au retard, yaani dawa ya kuachia pole pole, usisage. Zingine hazina herufi hizo na bado hazisagwi, kama omeprazoli ambayo imevishwa ganda isiharibiwe na asidi ya tumbo, so muulize mtu wa famasia kwanza.

Insulini sasa. Ile ni protini, ukiimeza tumbo linaisaga kama linavyosaga samaki, na hata ikiponea ni kubwa mno kupenya ukuta wa utumbo. Walijaribu insulini ya kuvuta kwa mdomo hadi mapafuni, Exubera, ikaruhusiwa Marekani 2006, mwaka uliofuata kampuni ikaitoa sokoni kwa kukosa wanunuzi. Semaglutaidi, dawa nyingine ya sukari, ya tembe ipo tangu 2019, lakini hiyo si insulini, na inayofika kwenye damu ni kama asilimia 1 tu ya unachomeza, tena tumbo tupu, maji kidogo, na usubiri nusu saa ndio unywe chai.

Kwa hivyo sindano aendelee nayo, ila aombe kalamu ya kudungia insulini yenye sindano fupi ya milimita 4 na abadilishe mahali pa kudunga kila mara. Na joto hili letu la Februari, ile insulini anayotumia isipite digrii 30, iwekeni mbali na jiko na dirisha la jua.