Je, setilaiti inaweza kuwaona wadudu wa mivule?

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Nimo katika kamati ya shehia inayosaidia kuutunza msitu wa Ngezi. Tunasikia kwamba picha za setilaiti huonesha miti iliyoshambuliwa na wadudu kabla sisi hatujaitambua kwa macho. Je, ni kweli, na zitatufaa kwa mivule yetu?
Msomaji, Konde, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Setilaiti haimwoni mdudu, bali huliona jani. Jani zima hunyonya mwanga mwekundu na kuakisi kwa wingi miale ya infraredi, ambayo jicho la mwanadamu haliioni. Jani likitafunwa au likikosa maji, uwiano huo hubadilika, na setilaiti kama Sentinel-2 za Ulaya, ambazo picha zake hutolewa bure, huupima kila baada ya siku chache mawingu yakiruhusu. Wakati wa masika, kwetu Pemba, hayaruhusu sana.

Hilo la kuwahi kabla ya macho ndilo ninalolitilia shaka. Huko British Columbia, Kanada, mbawakawa wa gome waliangamiza misonobari katika mamilioni ya hekta, na picha za setilaiti zilionesha vyema ukubwa wa hasara. Lakini msonobari ulioingiliwa hubaki kijani hadi mwaka unaofuata, na unapogeuka mwekundu wadudu wameshahamia mti mwingine. Tena ile ni misitu ambayo aina moja ya mti hutawala eneo kubwa, ilhali Ngezi ni mchanganyiko, na nukta moja ya picha ya Sentinel-2, yenye upana wa mita 10, huweza kuchanganya mvule na jirani zake.

Mvule wenyewe hupukutisha majani kwa msimu, kwa hiyo kilele kitupu si ushahidi wa wadudu. Picha ilinganishwe na ya mwezi ule ule wa miaka iliyopita. Na mdudu anayeusumbua zaidi mti huo, Phytolyma, hutia vivimbe kwenye machipukizi ya miche, chini ya kivuli ambacho setilaiti haikipenyi. Miche hiyo ikaguliweni kwa mikono, hasa vitaluni. Kwa miti mikubwa, ulizeni Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho kilishiriki kuvipiga picha visiwa vyetu kwa droni tangu 2016: droni huruka chini ya mawingu na huonesha mti mmoja mmoja, ingawa sababu ya kunyauka itabidi mwende mkaitazame wenyewe.