Jibu: Nyangumi kuitwa "cow"

Waalaykumu salaam dada yangu. Umeuliza kwa nini mtalii pale Nungwi alimwita nyangumi jike "cow", na kama ndilo neno ulilolisoma gazetini kwa maana ya kutisha.

Mtalii hakukosea. Asili ya neno hilo ni ng'ombe jike, ila Waingereza wamelivuta likawaenea majike wa wanyama wengine wakubwa: tembo, nyangumi, sili, hata pomboo kama hawa wetu wa Kizimkazi. Dume lao ni "bull", mtoto ni "calf", ila wa sili huitwa "pup". Neno ni kongwe mno. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "cū", nalo lina udugu na "gau" ya Kisanskriti. Ndiyo maana ukimsikiliza Mhindi akimtaja ng'ombe, utasikia "gai". Wingi wake wa zamani ulikuwa "kine", siku hizi hausikiki ila kwenye mashairi.

La gazetini ni jengine kabisa. Hilo ni kitendo, kumtia mtu hofu mpaka anywee, na wataalamu wengi hulirudisha kwenye "kúga" ya Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, yaani kukandamiza. Yamegongana sauti tu, kama kaa la moto na kaa wa pwani.

Lakini usimwite mwanamke wa Kiingereza "cow", utagombwa! Ni tusi.

Na sisi Pemba, mbona tunayo mazuri zaidi? Ng'ombe asiyezaa bado ni mtamba, aliyekwishazaa ni mbuguma, na mbuzi asiyezaa bado ni mfarika. Wanangu wote huwaita "jike" tu.