Ukienda nje kufanyiwa upasuaji wa urembo, panga kupona kwanza

Mtu akiamua kwenda nchi ya mbali kufanyiwa upasuaji wa urembo, maswali yake ya kwanza huwa mawili: daktari yupi, na gharama kiasi gani. Swali la nani atakaa naye usiku wa kwanza nje ya hospitali hukumbukwa tiketi ikiwa imeshakatwa. Mimi nilifanyiwa wa kukaza tumbo, nikanyonywa pia mafuta ya kiunoni, mbali sana na kwetu, na natamani kila anayekuja nyuma yangu aanze na swali hilo. Upasuaji wenyewe ni wa saa chache na wewe uko kwenye nusu kaputi, hujui kinachoendelea. Kupona ni kwa wiki nyingi, na zile za mwanzo utazipitisha kwenye chumba cha kupanga, katika nchi ambayo pengine hujui hata namba ya kuita gari la wagonjwa.

Tuanze na tiketi ya kurudi, kwa sababu ndiyo inayoweza kukutoa roho. Upasuaji huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Safari ndefu ya ndege, umekaa magoti yamekunjwa saa kadhaa, inaongeza tena. Bonge la damu likichomoka huko mguuni likasafiri hadi kwenye mapafu, mtu anaweza kufa hapo hapo. NHS, huduma ya afya ya Uingereza, inashauri kusubiri siku 5 hadi 7 kabla ya kupanda ndege kama umenyonywa mafuta au kuongezewa matiti, na siku 7 hadi 10 kama ni uso, pua, kope au kukaza tumbo. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inasema angalau siku 10 baada ya upasuaji wowote wa kifua au tumbo. Mimi naziona siku hizo ni kiwango cha chini kabisa, tena kwa mtu ambaye kila kitu kimemwendea sawa. Umefanyiwa vitu viwili kwa mpigo? Ongeza siku. Bado una mirija ya kutoa majimaji mwilini? Huendi popote. Nunua tiketi inayoweza kubadilishwa tarehe, na kazini omba likizo ndefu kuliko unayodhani utaihitaji. Kifurushi kinachokupasua leo na kukupandisha ndege baada ya siku tatu kiache, hata kama daktari wake ana sifa za kupita kiasi.

La pili ni mtu wa kwenda naye. Simaanishi mtu wa kukutana naye huko wala muuguzi wa kukodi anayepita asubuhi mara moja. Namaanisha mtu anayekujua, atakayelala chumba kimoja na wewe na asiyeona kinyaa kukushika. Mimi nilikwenda na mdogo wangu wa kike. Baada ya kukaza tumbo huwezi kunyooka. Unatembea umeinama, unalala chali mgongo umeinuliwa kwa mito na mingine iko chini ya magoti, ili mshono usivutwe. Kuinuka kitandani ni kazi ya kujifunza: unakunja magoti, unageuka ubavu mzima mzima bila kujipinda kiuno, unashusha miguu, halafu unajisukuma kwa mkono huku mwenzako amekushika nyuma ya mabega. Hakuvuti mikono, maana akikuvuta tumbo linakaza na utalia. Tulifanya zoezi hilo mara kadhaa kabla ya siku ya upasuaji, nikiwa mzima, na lilinisaidia kuliko maelezo yote niliyopewa kwenye karatasi.

Chumba nacho kichague kwa macho ya mgonjwa. Kiwe karibu na hospitali, jengo liwe na lifti inayofanya kazi, kitanda kisiwe cha chini. Choo kiwe cha kukaa, tena kiwe na kitu cha kushikia pembeni, kwa sababu kuchuchumaa hutaweza. Picha za mandhari ya dirishani hazitakusaidia kitu. Omba upigiwe picha ya bafu.

Sasa mirija. Wengi wetu hatuambiwi habari zake mpaka tunapoamka nayo. Ni mpira mwembamba unaotoka chini ya ngozi karibu na mshono, mwisho wake una kichupa laini kama ngumi ya mtoto, na kazi yake ni kuvuta damu na majimaji yasijikusanye ndani. Msaidizi wako ananawa mikono kwa sabuni, anafungua kizibo, anamimina majimaji kwenye kikombe chenye alama za vipimo, anaandika mililita na saa. Kisha anakibonyeza kichupa mpaka hewa itoke na kukifunga kikiwa bado kimebonyezwa, vinginevyo hakivuti. Ananawa tena. Siku za mwanzo majimaji ni mekundu, yanaelekea waridi, halafu manjano mepesi. Madaktari wengi huutoa mrija yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24, na wengine wanataka iwe hivyo siku mbili mfululizo. Mdogo wangu alichora jedwali kwenye karatasi akalibandika kwenye mlango wa kabati. Tulipokwenda kliniki alilibandua akampa muuguzi, ambaye hakuwa akielewa lugha yetu hata kidogo. Alisoma tarakimu tu, akajua mrija upi unatoka siku hiyo na upi unabaki. Kichupa kikianza kujaa damu mbichi ghafla, au majimaji yakikatika ghafla huku tumbo likivimba, usisubiri miadi.

Hapo ndipo suala la lugha linapoingia. Mkalimani wa kliniki yupo mchana, na shida hupenda kuja usiku. Kabla ya upasuaji, ukiwa bado una nguvu, amka saa nane usiku upige namba ya dharura uliyopewa. Uliza jambo dogo, kwa mfano kama unaruhusiwa kunywa maji asubuhi ya upasuaji. Utajua kama kuna mtu anapokea, na kama mnaelewana. Simu isipopokelewa usiku huo, una haki ya kuuliza asubuhi, na una haki ya kuahirisha. Pamoja na hilo, andika kwa lugha ya nchi ile sentensi chache uziweke kwenye simu na kwenye karatasi pia: nimefanyiwa upasuaji gani na lini, natumia dawa hizi, nina mzio wa hiki, nashindwa kupumua vizuri, nipelekeni hospitali yenye idara ya dharura.

Dawa za maumivu zimeze kwa saa ulizopangiwa, usingoje mpaka maumivu yakushinde. Ila soma majina yaliyoandikwa kwenye paketi. Parasetamo imo ndani ya vidonge vingi vya mchanganyiko, na mtu mzima hapaswi kupitisha miligramu 4,000 kwa saa 24. Katika nchi ya kigeni paketi zina majina ya kibiashara usiyoyajua, kwa hiyo ni rahisi kumeza dawa ileile mara mbili ukidhani ni mbili tofauti. Aspirini na ibuprofeni usiziguse bila ruhusa ya daktari wako, zinaweza kuongeza kutoka damu. Kodeini na tramado, dawa kali za maumivu, zinafunga choo, na kujikamua choo wakati tumbo lina mshono ni mateso, basi omba dawa ya kulainisha mapema, kunywa maji, tembea ndani ya chumba. Dawa hizo mbili pia zinadhibitiwa kisheria katika nchi nyingi. Usizibebe kurudi nazo bila kuhakikisha, na ukiruhusiwa ziwe kwenye paketi yake pamoja na cheti cha daktari. Sigara isahau kwa wiki kadhaa kabla na baada, maana nikotini inabana mishipa ya damu na ngozi iliyokatwa inaweza kufa badala ya kushikana.

Kuna jambo watu hawalisemi kwa sauti. Baada ya siku chache za mwanzo moyo unaanguka. Umevimba kuliko ulivyokuja, michubuko imeteremka sehemu ambazo hata hazikuguswa, umechoka, na uko mbali na watoto wako. Nililia asubuhi moja bila sababu yoyote ninayoweza kuitaja. Ni hali inayowapata wengi, na mara nyingi inapita kadiri nguvu zinavyorudi. Ikizidi kuwa nzito badala ya kupungua, mwambie daktari kama ungemwambia habari ya kidonda. Uvimbe na michubuko hushuka chini, kwa hiyo usishangae kuiona mapajani. Usijipige picha kila siku kutafuta matokeo. Umbo linachukua miezi kutulia, na kovu linaendelea kubadilika mwaka mzima na zaidi.

Sasa dalili za hatari, na hizi naomba anayekusindikiza azisome kuliko wewe, kwa sababu wewe utakuwa na usingizi wa dawa. Katika siku mbili za kwanza, upande mmoja ukivimba haraka na kuuma kuliko wa pili, huenda damu inajikusanya ndani. Homa ya nyuzi 38 na kuendelea, harufu mbaya, usaha, au wekundu unaosambaa ni dalili za maambukizi: zungushia wekundu mstari kwa kalamu, ukivuka mstari nenda hospitali. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma, ni dalili ya damu kuganda. Kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma au kukohoa damu, huyo mtu anapelekwa hospitali kubwa dakika hiyo hiyo, bila kuiomba ruhusa kliniki iliyompasua. Na kichwa kinachouma kisiache baada ya kuchomwa ganzi ya mgongoni kisichukuliwe kuwa uchovu wa safari. Mwaka 2023 watu waliofanyiwa upasuaji Matamoros, Mexico, walipata homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na fangasi kupitia ganzi ya aina hiyo, na baadhi yao walifariki.

Kwa wanaokwenda kuongeza makalio kwa mafuta yao wenyewe, niseme wazi kwamba upasuaji huo nauogopa. Mafuta yakiingia kwenye mishipa mikubwa ya damu ya eneo lile yanakwenda moja kwa moja kwenye mapafu, na utafiti wa madaktari wa fani hiyo uliochapishwa 2017 ulikuta hatari ya kifo inaweza kufika hadi mtu 1 kwa kila 3,000. Ukishaamua, basi ujue kwamba hutakiwi kuyakalia makalio kwa takriban wiki mbili au zaidi. Hebu piga hesabu ya kiti cha ndege hapo.

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi hailipii matatizo yanayotokana na upasuaji uliokwenda kuufanya kwa hiari, kwa hiyo soma masharti yake au tafuta inayotaja jambo hilo waziwazi, na weka pembeni fedha za kukaa wiki nyingine ambazo hutazigusa kwa lolote. Kabla hujaondoka nyumbani, tafuta pia daktari atakayekubali kukuona ukirudi. Wapo wanaosita kushika mgonjwa aliyepasuliwa kwingine bila karatasi, na siwalaumu.

Karatasi zenyewe zidai kabla hujalipa malipo ya mwisho: ripoti ya upasuaji katika lugha ambayo daktari wako anaisoma, aina ya ganzi, dawa ulizopewa, nyuzi zinazotakiwa kutolewa na tarehe yake. Uliyewekewa matiti ya silikoni, dai kadi yenye jina la mtengenezaji na namba ya silikoni yenyewe uliyowekewa. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliyaondoa sokoni duniani kote matiti yake ya bandia ya aina ya BIOCELL kwa sababu ya kuhusishwa na saratani adimu ya mfumo wa limfu, na asiye na kadi anapata tabu kujua kama amebeba aina hiyo au la.

Siku ya safari omba kiti cha magurudumu uwanjani bila kuona aibu. Mizigo yote abebe mwenzako, hata kibegi cha mkononi. Kaa kiti cha kandokando ya njia, vaa soksi za kubana kama daktari ameafiki, nyanyuka utembee, kunywa maji, chezesha nyayo ukiwa umekaa. Vazi la kubana tumbo lina vishikizo vya chuma vinavyoweza kulia kwenye ukaguzi, basi cheti cha daktari kiwe karibu. Na muulize daktari kama dawa ya kuzuia damu kuganda inakuhusu, usiitumie kwa kusikia kwa mtu.

Ukishafika nyumbani, usiache kujikagua. Kuna bakteria wa jamii ya mycobacterium wanaokua polepole kiasi kwamba kidonda kinaweza kuonekana kimepona, kisha wiki au miezi baadaye vikatokea vinundu vyekundu kandokando ya kovu, vikipasuka na kutoa majimaji, na antibayotiki za kawaida zisifue dafu. Kati ya 2013 na 2014 Wamarekani kadhaa waliotoka kufanyiwa upasuaji wa urembo Jamhuri ya Dominika walirudi na maambukizi hayo. Ukiona vinundu vya namna hiyo, mwambie daktari nchi uliyopasuliwa na tarehe, mpe ripoti, na umwombe sampuli ipimwe mahsusi kwa ajili ya bakteria hao, kwa sababu kipimo cha kawaida cha usaha kinaweza kutoka bila kuwaonyesha.