Jibu: Nikifuata pumzi ili nitulie, wasiwasi ndio unazidi

Habari ndugu. Umesema habari za vita na maradhi zinakukosesha usingizi, na ukifumba macho ufuate pumzi, yaani uisikilize tu inavyoingia na kutoka, kifua kinabana zaidi. Hilo lilinikuta mimi pia, nikadhani nina kasoro.

Kwanza angalia simu: habari unazisoma saa ngapi? Mimi nilikuwa nazisoma kitandani. Nikahamishia mchana, mara moja tu, na simu ikawa inalala chumba kingine.

Halafu achana na pumzi kwa sasa. Mwenye hofu akiichunguza sana pumzi yake huweza kuhisi hewa haimtoshi. Fumbua macho, weka nyayo sakafuni, uzisikilize: ubaridi, uzito, pale kisigino kinapogusa. Wazo likija, lipe jina kimoyomoyo, "hofu ya kesho", kisha rudi kwenye nyayo. Utapotea na kurudi hata mara 30 ndani ya dakika 5. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe. (Wiki ya kwanza mimi nilikuwa nasinzia tu, nayo haikuwa hasara.)

Wasiwasi wangu haukuisha, ila umeacha kuniendesha. Kifua kikibana hata ukiwa umetulia, muone daktari mapema, usingoje zoezi lifanye kazi.