Tununue hita za mafuta ya taa kwa ajili ya kanisa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Buffalo, New York. Waumini wetu wengi ni Wakongo na ibada ni ya Kiswahili. Jengo ni la zamani: juu kuna ukumbi mkubwa wenye dari refu, chini kuna besimenti yenye jiko, na joto linatoka kwenye boila ya gesi. Dhoruba ya theluji ya Desemba 2022 ilitukuta hatuna mpango wowote, na familia zetu kadhaa zilikaa gizani kwenye baridi. Safari hii tunataka kanisa liwe mahali pa kukimbilia. Tumechanga dola 2,000, na kamati inataka hita sita za mafuta ya taa pamoja na jenereta ndogo. Mama mmoja amesema tuwashe mbabula za makala, yaani majiko ya mkaa, kama kwetu Bukavu. Je, hita sita zitatosha? Na watu wanaweza kulala humo?

JIBU: Asifiwe sana, mzee. Nianze na hizo hita: msinunue hata moja. Mbabula nayo ibaki nje, tena mbali na mlango.

Kitu chochote kinachowaka bila bomba la kutolea moshi kinaumwaga humo humo mnamokaa. Kwetu tunaijua habari hii. Haupiti msimu wa baridi bila kusikia watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, kukicha hawaamki. Na nyumba ya Bukavu angalau ina upenyo chini ya bati. Jengo la huku limezibwa kila mahali ili joto lisitoke, kwa hiyo kaboni monoksidi, hewa ya sumu iliyomo katika moshi huo, nayo haitoki. Haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na katika Desemba kila mtu atadhani ni mafua. Mkiona watu watatu wanne wanalalamika kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje wote kwanza, halafu pigeni 911, namba ya dharura. Baridi ya Februari 2021 iliyokata umeme Texas iliua watu 246 kwa hesabu ya jimbo lenyewe, na miongoni mwao wamo waliouawa na hewa hii kwa sababu ya kutafuta joto au umeme kwa njia ya hatari: jiko la mkaa ndani, gari likinguruma gereji, jenereta karibu na dirisha.

Mafuta ya taa yana kero nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Kila lita inayoungua hutoa mvuke unaokaribia lita moja ya maji. Washeni hita sita usiku kucha, na asubuhi kuta za besimenti zitakuwa zinatiririka.

Swali ambalo ningependa kamati ilijadili ni hili: kwa nini boila yenu hufa umeme ukikatika, wakati gesi bado inakuja? Mara nyingi bomba la gesi halina tatizo lolote. Kinachokufa ni pampu ya kuzungusha maji, kiwashio, na saketi inayoongoza mtambo. Vitu hivyo vinakula umeme kidogo sana, kwa boila nyingi ni wati mia kadhaa tu. Na kama radieta zenu ni zile za chuma nzito zinazotumia mvuke, kama ilivyo katika makanisa mengi ya zamani ya huko, huenda hata pampu haipo, maana mvuke hupanda wenyewe. Maana yake jenereta ndogo ya kilowati mbili au tatu, ambayo haiwezi kulisha hita za umeme za kupasha ukumbi, inaweza kuiamsha boila yenyewe, nayo ikapasha jengo zima.

Lakini jenereta haichomekwi kwenye soketi ya ukutani. Nasisitiza kwa sababu kuna mafundi wa mtaani watakaowauzia waya wenye ncha mbili za kuchomeka. Umeme huo unarudi kwenye laini ya mtaa na unaweza kumuua fundi aliyeko kwenye nguzo akihangaika kuwarudishia umeme. Mwiteni fundi umeme mwenye leseni afunge chenjiova, yaani swichi ya kuhama kutoka umeme wa laini kwenda wa jenereta, kwenye saketi ya boila. Jenereta ikae nje, angalau futi 20 (mita 6) kutoka kwenye jengo, moshi wake ukielekea mbali na milango na madirisha. Si ukumbini, si gerejini, si kwenye kibaraza hata kama theluji inamwagika. Fundi wa boila naye aje Oktoba, kabla simu yake haijaanza kulia kila dakika. Aisafishe, akague bomba la moshi, na awasomee kibao cha mtambo ili mjue unakula wati ngapi.

Chumba cha kukusanyikia kiwe besimenti. Ukumbi wa juu ni wa kumsifu Mungu. Hewa moto hupanda, na dari lile litawanyang'anya joto lote. Chini dari ni fupi na udongo unaozunguka kuta hauna baridi kali kama ya nje. Isitoshe, mtu mzima aliyekaa tu hutoa joto la wati 100 hivi. Watu 40 ni wati 4,000, karibu sawa na hita tatu za umeme, bila bili.

Mkitaka kuongeza hita za umeme wakati umeme upo, angalieni waya. Hita ya kawaida ya huku ni wati 1,500. Kwa volti 120 inavuta ampea 12.5, na saketi nyingi za majengo ya zamani zina breka ya ampea 15. Kwa hiyo kila hita iwe na saketi yake. Soketi mbili zilizo jirani mara nyingi ni saketi moja, hivyo msidanganyike na umbali wa soketi. Msitumie ekstensheni, na nguo, viti na mapazia vikae futi tatu kutoka kwenye hita.

Sasa ubaya wa besimenti: kutoka. Novemba 2022, mwezi mmoja tu kabla ya dhoruba unayoitaja, sehemu za kusini mwa Buffalo, upande wa Orchard Park na Hamburg, zilipata theluji ya takriban mita mbili. Mlango unaofunguka kwa nje hausukumiki ukiwa umelaliwa na theluji ya kifuani. Wekeni zamu ya watu wawili wenye mabeleshi, na kila saa wasafishe ngazi na milango yote miwili ya dharura. Katika mzunguko huo huo wakague mabomba ya moshi. Kama mtambo wenu ni mpya kidogo, tafuteni nje mabomba mawili meupe ya plastiki yanayotokeza ukutani, pengine usawa wa goti. Moja huvuta hewa, jingine hutoa moshi. Yakizibwa na theluji, bahati ikiwa njema mtambo utajizima. Ikiwa mbaya, moshi utarudi ndani. Theluji iliyoyazunguka ondoeni kwa mikono, kwa sababu nimeshaona bomba lililovunjwa na beleshi la mtu mwenye nia njema.

Kuhusu kulala, jibu langu ni hapana mpaka mzungumze na idara ya zimamoto na kampuni ya bima ya jengo. Kukaa mchana na supu ni jambo moja, kulala ni jingine kabisa kisheria na kiusalama, kwa sababu aliyelala hasikii harufu ya moshi. Wakiwaruhusu, chumba cha kulala kiwe na ving'ora vya moshi na vya kaboni monoksidi, njia mbili za kutokea, na watu wawili wasiolala usiku kucha. Idadi ya watu mtakayopewa msiizidishe hata kwa huruma. Asiye na makazi mpigieni 211, namba ya msaada wa huduma za jamii. Katika jimbo la New York joto likishuka hadi nyuzi 32 za Farenhaiti, yaani sifuri ya Selsiasi, ukihesabu na makali ya upepo, utaratibu uitwao Code Blue huanza, na mamlaka zinapaswa kumtafutia mahali.

Haya yote ni ya jengo, mzee, na jengo peke yake lisingewaokoa wengi mwaka 2022. Ile dhoruba ilivuma saa 37 mfululizo, magari yakapigwa marufuku barabarani, na hata gari la wagonjwa lilikwama. Walikufa zaidi ya watu 40 katika kaunti ya Erie, baadhi ndani ya nyumba zisizo na joto, wengine ndani ya magari, wengine njiani kwa miguu. Aliyetoka nyumbani wakati ule kutafuta kanisa angeweza kuwa mmoja wao. Ila dhoruba ile ilitabiriwa siku kadhaa kabla. Mlango wenu ufunguliwe jioni ya kuamkia dhoruba, na ikianza kuvuma asitoke mtu kuja wala kwenda kumchukua mtu.

Ndiyo maana daftari la majina lina kazi kubwa kuliko jenereta. Nani anaishi peke yake? Nani ana kichanga? Nani anatumia mashine ya oksijeni? Nani hana gari? Hao wafuateni mapema. Anayekataa kuja, mpeni jirani wa mtaa uleule anayeweza kumfikia kwa miguu dhoruba ikitulia. Tahadhari za serikali huingia kwenye simu kwa Kiingereza, na bibi aliyefika juzi kutoka kambini atazifuta akidhani ni matangazo. Rekodini sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, Kibembe, Kinyamulenge, Mashi, yoyote mliyo nayo, mwitume WhatsApp: dhoruba inaanza saa ngapi, msitoke, chajini simu, wekeni maji, msiwashe mkaa, mkizidiwa pigeni namba hii. Dakika moja inatosha.

Mwenye shida ya bili ya gesi aombe kaunti HEAP, msaada wa serikali wa gharama za joto. Kwa kawaida dirisha hufunguliwa Novemba, fedha zina kikomo, na kuna sehemu ya kutengeneza mtambo ulioharibika. Kijana anayejua kujaza fomu akae baada ya ibada na meza yake. Akiletwa mtu aliyepigwa na baridi, ameacha kutetemeka huku akiongea kama mlevi, hiyo ni 911. Mkisubiri, mvueni nguo mbichi, mpasheni kifua na shingo kwanza, msimsugue vidole, na pombe asipewe. Bila shaka mna wauguzi kanisani, waachieni wao somo hilo.

Tukirudi kwenye dola 2,000, kwanza lipeni huduma ya boila, halafu chenjiova. Jenereta, kama hazitoshi, azimeni kwa muumini mwenye nayo. Lakini kabla ya hayo tengeni kidogo kwa ving'ora vya kaboni monoksidi, viwili vya besimenti na vingine vya nyumba za waumini. Kwa sheria ya New York mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuviweka. Inaitwa Sheria ya Amanda, kwa jina la binti wa miaka 16 wa West Seneca, hapo jirani yenu, aliyeuawa na boila mbovu mwaka 2009 akiwa amelala kwa rafiki yake. Kwa hiyo mpangaji asiye nacho aanze kwa kumdai mwenye nyumba, na kanisa limsaidie kuandika barua. Mtakavyonunua wenyewe viwe vya betri, maana vya kuchomeka ukutani tu hunyamaza umeme ukikatika. Geuzeni nyuma msome tarehe ya mwisho. Kikishapita muda hakiaminiki, hata kama taa yake ya kijani bado inawaka.