Memphis hadi New Orleans: mle wapi?

Kaka, umeuliza mle wapi mkishuka kwa gari kutoka Memphis hadi New Orleans. Achaneni na Interstate 55, shikeni Highway 61. Chepukeni kidogo hadi Greenville, jimbo la Mississippi, msimame mgahawa wa Doe's Eat Place, upo tangu 1941, na mnaingilia jikoni kabisa! Agizeni tamale: unga wa mahindi na nyama, vinafungwa kwenye maganda ya mahindi. Kule Delta, yaani eneo hilo la Mississippi, huchemshwa kwenye maji yenye viungo, si kwa mvuke kama za Meksiko, ndiyo maana zinachuruzika mchuzi mwekundu. Shati jeupe libaki kwenye begi. Louisiana ni gumbo, mchuzi mzito wa kwao. Mkikuta bamia ndani msishangae, jina gumbo lenyewe lina asili ya Kibantu, kwenye neno la bamia. Ila Jumapili migahawa mingi ya miji midogo hufungwa, mimi nilishinda na biskuti.