Doa la Kaunta ya Jiwe Halisuguliwi, Linanyonywa

Kama unasoma haya huku umeshika dodoki mkononi, naomba uliweke chini kwanza. Karibu kila kosa nililofanya kwenye kaunta yangu lilianza hivyo: nimeona doa, nimeshika kitu cha kusugulia, hasira imepanda.

Doa lenyewe lilikuwa la mafuta. Chupa ya mafuta ya kupikia ilikaa miezi mingi palepale karibu na jiko, na siku niliyoisogeza nikakuta duara jeusi la ukubwa wa kitako cha chupa. Nilipopitisha kidole sikuhisi kitu. Hapakunata, hapakuteleza, palikuwa sawa na kaunta nzima. Hapo ningeelewa mapema, ningejiokoa: mafuta hayakuwa juu ya jiwe tena, yalikwisha kuzama. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa maji moto, mwisho nikachukua waya wa kusugulia sufuria. Nilichovuna ni mikwaruzo, na duara langu likabaki lilelile.

Jiwe la asili, hata likiwa limeng'arishwa mpaka unajiona usoni, lina vinyweleo. Kimiminika kikiachwa juu yake hunyonywa taratibu. Kwa hiyo kukitoa kunataka kitu chenye kiu kuliko jiwe, na kitu hicho kinatengenezwa kwa unga wa bikaboneti ya soda, ule wa kuumulia keki. Nikauchanganya na maji kidogo kidogo mpaka ukawa rojo zito kama dawa ya meno. Nikalipaka juu ya duara, unene wa karibu sentimita moja, likapita kidogo kingo za doa. Juu nikatandaza nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, nikabana pembe zake kwa selotepu, nikaacha saa 24.

Sehemu inayofuata ndiyo watu wengi huikatisha, nami niliikatisha mara ya kwanza. Ukishatoa nailoni, usifute. Liache rojo likauke lenyewe mpaka lipasuke kama tope la kiangazi, maana ni wakati wa kukauka ndipo linapovuta mafuta kutoka ndani. Kisha likwangue kwa kitu cha plastiki au mwiko wa mbao, usitumie kisu. Ukifuta utaona pale mahali pana rangi nzito kuliko awali, na utakata tamaa. Usikate. Ni maji yaliyoingia kwenye jiwe. Yape siku moja au mbili yakauke, ndipo uhukumu. Mimi nilirudia mara tatu, na kila mara duara lilififia.

Kahawa, chai, divai na juisi za matunda ni madoa ya rangi, nayo hutaka dawa nyingine. Badala ya maji, changanya unga ule na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Lakini inapausha. Kwenye jiwe jeupe ni msaada mkubwa. Kwenye jiwe jeusi unaweza kuondoa doa ukaacha baka. Jaribu kwanza pembeni, pasipoonekana. Na usichanganye dawa kwa kukisia, hasa blichi: ikikutana na siki au amonia hutoa gesi ya sumu, na jikoni mara nyingi ni chumba kidogo.

Mafuta yaliyokaa sana yakigoma, asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, huyayeyusha vizuri kuliko maji. Ila hushika moto upesi mno. Zima jiko, fungua madirisha, na funika rojo haraka kabla asetoni haijaruka hewani. Kutu iliyoachwa na mkebe wa bati nakushauri umwachie fundi wa mawe. Dawa nyingi za kutoa kutu ni asidi, na zipo zenye asidi ya haidrofloriki, ambayo hula hata graniti, mbali na kuwa hatari kwa ngozi yako.

Sasa niseme juu ya limau na siki, kwa sababu ushauri wa kutolea madoa kwa vitu hivyo unaniumiza kila ninapousikia ukitolewa kwa moyo mweupe. Graniti huvumilia kidogo. Marumaru halisi haivumilii. Marumaru ni kalisi kaboneti, na asidi huiyeyusha. Niliwahi kuacha kipande cha limau kimelala kifudifudi juu ya marumaru muda mfupi tu. Nilipokiinua palikuwa na pete nyeupe, imefifia, haing'ai tena. Ile si doa. Hakuna kilichoingia, kuna kilicholiwa. Rojo lolote utakaloweka pale ni kazi bure. Palipoliwa kidogo hurudi kwa unga maalumu wa kung'arishia marumaru na kitambaa kibichi, kwa subira. Palipolika sana panataka fundi asage na kung'arisha upya.

Kutofautisha doa na jeraha la asidi si vigumu. Inama mpaka jicho likaribie usawa wa kaunta, tazama mwanga unavyopita juu yake. Doa ni jeusi kuliko jiwe lakini mng'ao upo. Jeraha la asidi huonekana limepauka, na mwanga hufa ukifika pale. Na wale wanaochanganya siki na bikaboneti wakafurahia mapovu: vitu hivyo viwili huuana nguvu, unabaki na maji ya chumvi.

Kaunta za kutengenezwa, zile za vipande vya kwatzi, jiwe gumu, vilivyogandishwa kwa resini, aina ya gundi, ni hadithi nyingine. Hazinywi, kwa hiyo doa huwa juu na sabuni ya vyombo hutosha. Zilinde dhidi ya sufuria ya moto, blichi na asetoni, maana resini huharibika.

Kwa jiwe la asili, mwaga kijiko cha maji usubiri dakika 10 hadi 15. Pakibadilika rangi, jiwe linakunywa, na dawa ya kuziba vinyweleo imekwisha nguvu. Ipake, lakini baada ya doa kutoka. Ukiipaka kabla umelifungia doa ndani. Nayo haifanyi jiwe kuwa glasi. Inakupa tu muda wa kufika na kitambaa.

Chupa yangu siku hizi inakaa juu ya sahani. Duara halionekani mchana. Usiku, taa ya pembeni ikiwaka, bado naona mstari mwembamba upande wa ukutani, na rojo la nne liko pale sasa hivi, limefunikwa, limebakiza saa 9.